Vumbi la Voi kwenye treni ndogo: nakosea wapi?

Mtoto wa Landi (Mombasa)

Hamjambo wapenzi wa reli. Nimekwama, naomba msaada kabla sijaharibu kazi ya miaka 2.

Kwenye chumba cha nyuma naijenga stesheni ya Voi kama nilivyoiona utotoni, miaka ya 1970, baba akiwa faimani (mchochea moto) kwenye zile Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke zenye tangi mbele na nyuma. Kipimo ni 1:87. Reli yetu ilikuwa ya upana wa mita moja, kwa hiyo natumia reli za modeli za kampuni ya Peco, za upana wa milimita 12. Ukiweka zile za kawaida za milimita 16.5 treni inapanuka, inakuwa ya Ulaya, na Voi inapotea hapo hapo. Meza ni plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na miguu yake nimeisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu kwa sababu ya mchwa.

Injini ni 5918, Mount Gelai. Yenyewe ya kweli iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nimeshaenda mara 3 na futi kamba. Bodi yake ilichapwa kwa plastiki ikakalishwa juu ya chasisi 2 za TT (aina ya treni za modeli za reli ya milimita 12), na toka pua hadi mkia ina karibu sentimita 36. Rangi ni damu ya mzee. Bado ni safi kabisa, sijathubutu kuigusa.

Nilianza na mabehewa 6 ya mizigo. Nilibeba udongo mwekundu kutoka Voi kwenyewe, nikautwanga, nikauchuja kwa soksi ndefu ya nailoni, nikaupaka kwa brashi laini. Ulikaa vizuri mpaka nikafurahi. Jioni ile, mvua imetoka kukatika, nikapuliza vanishi isiyong'aa ili usitoke. Haikupita dakika 10 vumbi lote likawa halionekani, na mabehewa 2 yameshikwa na ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Nikarudia na vumbi zaidi. Sasa yote 6 yana rangi moja kutoka juu hadi chini, utadhani yalichovywa kwenye uji wa wimbi.

Niseme ninachokitafuta. Baba akirudi landi (makazi ya wafanyakazi wa reli), vumbi jekundu lilikuwa kwenye mikunjo ya shati: ndani ya kola, kwenye kiwiko, pale mfuko ulipoungana na kifua. Mgongoni masizi. Kifuani, alipokuwa akijifutia mikono, palikuwa na mng'ao wa mafuta. Ungeweza kulisoma shati lile ukajua siku yake ilikwendaje. Nataka treni yangu ichafuke namna ile. Nifanyeje?

Binti Tabora

Pole kaka. Ukungu ule haukutokana na vumbi, ni unyevu wa hewa. Vanishi ya kopo ina dawa inayokauka kwa kasi, ikikauka inapoza sehemu uliyopuliza, na mvuke wa hewani unageuka matone humo humo. Jioni ya mvua Mombasa usipulize kitu. Subiri siku kavu, saa 6 hadi saa 8 mchana, kopo ulikalishe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu (maji tu, usilisogeze karibu na moto). Yale 2 yenye ukungu yapulizie tabaka jepesi siku kavu, mara nyingi ukungu huondoka.

La pili ni mpangilio. Vanishi inatangulia, vumbi linafuata. Isiyong'aa inakauka ikiwa na ukwaru mdogo, na vumbi linashika hapo. Ukilifunika kwa vanishi baadaye limekwisha, kila chembe inalowa na rangi yake inazama. Mimi mabehewa ya reli ya kati nayamalizia hivi: nachovya brashi kwenye spiriti, naigusisha kwenye vumbi mara moja, tone linakimbia lenyewe hadi kwenye kona za milango na chini ya mbavu za behewa. Likikauka limeshika kiasi cha kutosha. Baada ya hapo behewa nalishika kwa magurudumu tu.

Tena kabla hujaumwaga udongo ule katikati ya reli, upitishie sumaku mara kadhaa. Udongo mwekundu unaweza kuwa na chembe za chuma, na chembe hizo zikiingia kwenye mota umeipoteza injini. Uoke pia kwenye sufuria kavu, wadudu wafe. Na chagua ulio mweupe kidogo kuliko unavyotaka, maana gundi nyeupe ikishakauka huufanya uwe mweusi zaidi.

Fita Mstaafu

Mwanangu, nimeisoma hiyo habari ya shati mara 2. Nimefanya kazi Mombasa na Voi, nitakwambia nilichokiona kwa macho.

Uchafu wa Garratt ulikuwa na pa kuanzia. Tangi la mbele ni la maji. Maji yalimwagika wakati wa kujaza, yakateremka ubavuni, yakikauka yakaacha michirizi ya chokaa, myembamba, chini ya kifuniko. Mafuta yako nyuma. Huko michirizi ni myeusi, inang'aa, na vumbi linanasa juu yake. Ukiweka chokaa na mafuta pande zote mbili, mtu aliyefanya kazi atajua hukuwepo. Masizi yanakaa juu, kuanzia bomba la moshi kurudi nyuma hadi paa la kebini. Vumbi jekundu linatoka chini, linarushwa na magurudumu, kwa hiyo linakolea kwenye bogi (fremu za magurudumu) na kupungua kadiri unavyopanda. Behewa lako likiwa jekundu hadi paani, limechafuka kichwa chini.

Mabehewa nayo yana kazi zake. Yaliyobeba magadi yana weupe chini ya milango, ya mafuta yana weusi kuzunguka mfuniko. Kila moja lipe mzigo wake kwanza, halafu ndipo ushike brashi.

Sasa hili la Gelai. Umeipima hiyo, sawa, lakini Gelai si injini ya kuchafua. Madereva wake walikuwa na sifa reli nzima kwa jinsi walivyoing'arisha. Ukitaka chafu, badilisha namba na jina, zilikuwa 34 kutoka 5901 hadi 5934. Ukiiacha Gelai, basi iache ing'are, na vumbi uliweke pale tu kitambaa kisipofika.

Mpwani Leicester

Namuunga mkono mzee. Nyongeza 2 ndogo.

Rangi yoyote ukiiweka kwenye kitu kidogo kiasi hicho inaonekana kali kuliko ilivyo. Damu ya mzee ichanganye na kijivu cheupe kidogo, hata vumbi lako lipaushe. Na weusi wa katikati ya reli usiutandaze kote: unakolea pale injini inaposimama ikidondosha, karibu na mnara wa maji, na unaisha haraka ukitoka stesheni.

Nyasi usinunue za Ulaya, ni za kijani mno. Kata katani vipande vya milimita 3, chovya kwenye chai ya rangi, kausha. Ndiyo nyika ya Voi wakati wa kiangazi, na mkonge wenyewe umetoka huko huko.

Mtoto wa Landi

Shikamoo mzee. Ahsanteni nyote, dada Tabora na ndugu wa Leicester.

Jumamosi nimelisugua behewa moja kwa spiriti na mswaki mpaka likarudi plastiki tupu. Nimelipaka upya, rangi iliyopaushwa, vanishi saa 7 mchana jua kali, halikushika ukungu hata kidogo. Nikalifanya la magadi: weupe chini ya milango, nikaufuta kwa kidole kwenda chini ili ufuate njia ya mvua. Halafu tone la spiriti na vumbi la Voi, magurudumuni na kwenye kona za chini tu. Lile tone likikimbia kwenye ufa wa mlango, mtu unazuia pumzi. Nimeliweka relini nikainama macho yawe sawa na jukwaa, nikakaa hapo muda mrefu. Mengine 5 yataoshwa yote.

Sumaku ilitoka na ndevu nyeusi, dada. Ningeiua injini.

Na Gelai, mzee, jina libaki. Baba aliwahi kuipanda mara chache na aliizungumzia kwa sauti nyingine, nilikuwa mdogo nikidhani ni kwa sababu ya ukubwa wake. Bogi nimezipaka vumbi, paa nimelipa masizi kidogo sana, chokaa michirizi 2 mbele, mafuta mchirizi 1 nyuma. Ubavu wote nimeuacha damu ya mzee. Kimebaki kibao cha jina, ni kipande cha shaba kisichofika sentimita 2. Leo usiku nakifuta kwa pamba na tone la mafuta ya cherehani.