MREJESHO: kichanga wangu aliyegeuka manjano

Wapendwa, nilileta swali hapa kuhusu mwanangu aliyegeuka manjano macho na kifua hata siku moja hajamaliza, wengi mkasema nimwanike tu jua la asubuhi. Dodoma jua tunalo jamani, ila nashukuru nilimuwahisha hospitali, kumbe mimi ni grupu la damu O yeye A, kingamwili zangu (chembe za kinga za mwili) zilipita kwake akiwa bado tumboni mwangu zikawa zinavunja seli zake nyekundu za damu, ndo bilirubini (ile rangi ya manjano inayotoka kwenye seli zilizovunjika) ikapanda na ini la kichanga bado halina nguvu ya kuitoa. Kawekwa kwenye taa za bluu siku 3, macho yamefunikwa, namtoa kunyonya tu, nililia sana. Leo macho meupe kabisa, ananyonya vizuri, na wewe dada uliyeniambia nisisubiri kukuche Mungu akubariki.