Wamefunga porti 123 halafu wananiambia nizime ruta niwashe!!!

Wakuu nimechoka na hii kampuni ya intaneti, jina naliacha kwanza. Ofisi ni sacco hapa Mbale, tuna seva za FreeBSD na Linux moja kuukuu, na kila moja ina saa yake kwa sababu NTP, huduma ya mtandaoni ya kusawazisha saa za kompyuta inayopita porti 123, haipati majibu. Juzi mama mmoja kaja kaunta na risiti mkononi, kaweka hela saa nne asubuhi, katoa saa tano, lakini kwenye sistimu inaonekana katoa kwanza ndo akaweka. Sasa mkaguzi akija akaona hiyo mwizi ni nani? Si mimi wa IT!

Napiga kasitoma kea, kijana ananiambia bosi zima ruta, subiri kidogo, washa. Nikipiga tena ni mwingine, wimbo uleule. Ruta na saa ya seva wapi na wapi jamani??

Hebu oneni wenyewe. ntpq -p, amri ya kuangalia hali ya NTP, inatoa reach 0, refid .INIT., stratum 16, yaani hakuna jibu hata moja limewahi kurudi. Nikaweka tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwenye porti 123, pakiti za UDP zinatoka vizuri kwenda ug.pool.ntp.org, seva za saa za Uganda, zinazorudi hakuna, kimya. Nikachomeka modemu ya laini nyingine, seva ileile, konfigi ileile sijagusa, reach ikaanza kupanda 1, 3, 7, 17, 37 mpaka 377, na kwa wasiojua hiyo namba inaandikwa kwa msingi wa nane (octal), 377 maana yake maulizo nane ya mwisho yote yamejibiwa.

Lakini kilichonichoma roho ni hiki: kwenye laini yao hiyohiyo nikitumia ntpdate -u, amri ya kuuliza saa mara moja, ambayo inaulizia kutoka porti ya juu badala ya 123, jibu linakuja chap! Kwa hiyo intaneti ipo, wanachotupa ni kila kinachoingia kwenye porti 123 ya mteja.

Na sababu naijua, msinione mshamba. Mwaka 2014 wahuni walikuwa wanatumia monlist, amri ya NTP ya kuorodhesha mashine zilizowasiliana na seva, unatuma kaombi kadogo seva inamwaga orodha ya mpaka mashine 600 kwa mtu asiyeomba, ndo watoa huduma wengi wakafunga. Sawa, lakini monlist ilishatolewa kwenye ntpd, programu yenyewe ya NTP, zamani sana, na kama mmefunga si mseme tu! Mteja wa biashara analipa kila mwezi mnamzungusha na ruta.

Halafu umeme wa huku mnaujua. Ukikatika, ile mashine yenye betri iliyokufa kwenye madabodi inaamka na tarehe ya miaka iliyopita, na ntpd ikiona tofauti imepita sekunde 1000 bila -g, chaguo la kuiruhusu ikubali tofauti kubwa, inajizima yenyewe.

Msiniambie nihamie chrony, ile programu nyingine ya NTP. Linux nishaihamisha, inakula vizuri kwa sababu chronyd haing'ang'anii 123 kuulizia, ila za FreeBSD muuzaji wa programu ya sacco karuhusu ntpd tu, nikigusa kingine sapoti basi.

Aliye kwenye laini ya hawa jamaa Tororo, Soroti au Kampala naomba arushe ntpq -p abandike hapa, nataka safu ya reach tu. Napeleka malalamiko UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, na sitaki huko nako niulizwe kama nimezima ruta.