Msaada wakuu: programu mbili, mlinganyo mmoja, majibu tofauti

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kaosi, yaani mifumo ambayo tofauti ndogo mwanzoni huzaa matokeo tofauti kabisa. Natumia mlinganyo wa lojistiki: x mpya ni 4x(1 − x), nikianzia 0.3. Programu ya pili nimeiandika 4x − 4x². Kwenye karatasi ni kitu kilekile. Hatua ya 30 bado zinakwenda pamoja, ila zikivuka 50 zinaachana, na kufika 60 hazijuani kabisa. Msimamizi anasema nimekosea, nirudie yote. Wiki mbili natafuta kosa, silioni, na nimebakiza mwezi. Nifanyeje?

Fundi Namba: Pole dada, usifute kitu. Shika kalamu: 0.3 inakuwa 0.84, halafu 0.5376, halafu 0.99434496. Desimali 1, 2, 4, 8. Hatua ya tano zinatakiwa 32, na kompyuta inabeba tarakimu kama 16 tu. Zinazozidi inazikata, kila programu kwa namna yake. Kitofauti hicho kwa wastani kinakua mara mbili kila hatua, ndiyo maana ukivuka 50 kimeshameza kila kitu. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz yalimkuta mwaka 1961: aliingiza 0.506 badala ya 0.506127, hali ya hewa aliyokuwa akiikokotoa ikashika njia nyingine.

Mwalimu wa Jioni: Kweli, lakini msimamizi ana haki ya kudai ushahidi kwamba kwa jumla zote mbili zinalingana. Endesha zote mbili hatua laki moja. Kila hatua chukua logi asilia ya 4 − 8x (4 − 8x ikitoka hasi, ondoa kwanza alama hiyo), kisha tafuta wastani. Zote zikaribie 0.693, yaani logi ya 2. Hicho ndicho kipeo cha Lyapunov, kipimo cha kasi ya tofauti ndogo kukua. Hesabu pia x zilizo chini ya 0.1, ziwe kama asilimia 20.

Fundi Namba: Na ukihamia ramani ya hema (mlinganyo mwingine wa kaosi, grafu yake ina umbo la hema) yenye mteremko wa 2, jihadhari. Kompyuta itakushusha hadi sifuri kamili kabla ya hatua ya 60. Hiyo ni mashine, si hisabati.

Mleta uzi: Nimekesha nazo. Zote 0.693, na asilimia 20 imetoka! Asanteni sana, nilishakata tamaa. Niweke kwenye kiambatisho?

Mwalimu wa Jioni: Hapana, sura ya mbinu. Chora logi ya tofauti ya programu zako kwa kila hatua: itapanda karibu kama mstari, kisha itulie. Mwanzie msimamizi na mchoro huo, kabla hajafungua majedwali.