Msitu wa kilima cha kijiji: kikundi cha kujitolea kianze na kazi ipi?

Mwanakikundi, Chamwino

Habari za kazi, ndugu zangu. Kijijini kwetu kuna kilima chenye msitu wa migunga, mikwaju na mibuyu michache, ambao unazidi kupungua kwa sababu ya uchomaji wa mkaa, ukataji wa kuni na mbuzi wanaochungwa humo kiangazi chote. Sisi vijana, pamoja na akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, tumekubaliana kujitolea Jumamosi moja kila mwezi ili tuutunze. Wengi wanapendekeza tuombe miche na kuipanda tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, lakini nina wasiwasi, kwa kuwa miche iliyowahi kupandwa pale na wageni waliokuja na kuondoka ilikauka karibu yote. Naomba ushauri: kazi ianzie wapi, na je, tunahitaji ruhusa ya nani?

Afisa misitu mstaafu, Dodoma Mjini

Wasiwasi wako una msingi. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka tunapata takriban milimita 500 hadi 600. Mche unaotiwa ardhini Aprili huikuta mvua inaaga, kisha hukabiliwa na zaidi ya miezi sita ya ukame na mchwa. Mkitaka kupanda, chimbeni mashimo kabla ya mvua na mpande Desemba au Januari, mara udongo unapolowa vizuri.

Hata hivyo, nawasihi msianze na miche. Tembeeni kilimani mkitazama chini: mtakuta visiki vya migunga vilivyochipua vichaka vifupi, ambavyo kila mwaka huliwa na mbuzi au kufyekwa kabla havijafika magotini. Mizizi ya visiki hivyo imekwisha kufika mbali ardhini, jambo ambalo mche wa kwenye kiriba utalihitaji miaka mingi kulifikia. Ndiyo maana njia ya Kisiki Hai, yaani kuyatunza machipukizi ya visiki hadi yawe miti, imeenea sana mkoani. Chagueni machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, ondoeni mengine, kisha pogoeni matawi ya chini ya yale yaliyobaki. Tumieni panga kali na mkate kutoka chini kwenda juu, maana ukikata kwa kushusha panga, gome huchanika na jeraha huchelewa kupona. Mwisho, fungeni kipande cha kitambaa ili kila apitaye ajue kwamba kisiki hicho kina mwangalizi. Kazi hii haihitaji fedha wala maji ya kumwagilia. Inahitaji watu wanaorudi, na nyinyi mmesema mtarudi kila mwezi.

Mjumbe wa kamati ya maliasili, Kondoa

Kuhusu ruhusa, ulizeni kwanza msitu ni wa nani. Ukiwa hifadhi ya serikali kuu, msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, na msiingie na panga kabla ya kuzungumza nao. Ukiwa kwenye ardhi ya kijiji, nendeni kwa mtendaji na halmashauri ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuutenga kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, chenyewe kikiunda kamati, mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Bila sheria ndogo, mkata mkaa mtakayemkuta humo mtaishia kubishana naye tu.

Huku kwetu tunajua ardhi inavyoweza kurudi ikipumzishwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka; nyasi na miti vilirudi.

Mfugaji, Bahi

Mjumbe amesema kweli, ila aongeze kwamba mwaka ule wenye mifugo walibeba mzigo mkubwa, wakatafuta malisho mbali na nyumbani. Vijana, msiufunge mlima wote kwa siku moja. Waiteni wafugaji kabla ya kugusa kisiki cha kwanza, mkubaliane sehemu ya kupumzisha na njia ya mifugo kwenda majini, kama Wasukuma wanavyotenga ngitili, yaani malisho yanayopumzishwa, kwa ajili ya kiangazi. Mchungaji yuko kilimani kila siku, nanyi mtakuwapo mara moja kwa mwezi. Akiwa upande wenu, ndiye atakayeuona moto au shoka mapema kuliko yeyote.

Mwanakikundi, Chamwino

Shikamooni wazee wangu, nawashukuru sana. Tutalipeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuwaalika wafugaji kwa majina. Limebaki moja: matawi tutakayopogoa tuyafanyeje?

Afisa misitu mstaafu, Dodoma Mjini

Marahaba, mwanangu. Yenye miiba yazungushieni visiki vilivyo karibu na njia ya mbuzi. Yaliyobaki wapeni akina mama wayatumie kama kuni, na mliandike hilo katika makubaliano ya kikundi mapema, ili asitokee mtu wa kukata matawi mazima kwa kisingizio cha kupogoa.