Lightroom Classic: TIFF za "-Edit-Edit" zinajaza diski, zipi zifutwe?

Mwangaza_f4
Wakuu, naomba msaada wa mpangilio. Natumia Lightroom Classic kwenye Windows, picha ni NEF (faili ghafi za kamera ya Nikon) za megapikseli 24. Zinazohitaji kusafishwa ngozi nazipeleka Photoshop kwa Ctrl+E, nasevu, zinarudi. Kwa picha moja tu folda ina haya:

DSC_4127.NEF
DSC_4127.xmp
DSC_4127-Edit.tif
DSC_4127-Edit-Edit.tif
DSC_4127.jpg

TIFF moja inapita MB 400. Nikishamkabidhi mteja JPEG, kuna ubaya kufuta NEF nikabaki na TIFF? Hiyo Edit ya pili inatoka wapi? Na nakala pepe ("virtual copy", toleo la pili la picha ile ile ndani ya Lightroom) za nyeusi na nyeupe zinakaa wapi, mbona sizioni kwenye folda?

Chumba_cha_Giza
Mkuu, NEF usiiguse. Lightroom haibadilishi pikseli zake hata moja. Mwanga, rangi na ukataji wako vimeandikwa kama maelekezo kwenye katalogi, lile faili la .lrcat. TIFF ni maelekezo hayo yakiwa yameshapikwa: mizania ya nyeupe ("white balance") imeingia ndani ya pikseli, na anga lililoungua kwa mwanga kupita kiasi, ambalo kwenye NEF lingeokoleka kiasi, kwenye TIFF halirudi. Isitoshe NEF ya megapikseli 24 mara nyingi ni MB 20 hadi 35. Ukiifuta unaokoa kidogo na kupoteza chanzo chenyewe.

MB 400 zinatoka hapa: pikseli milioni 24 × rangi 3 × baiti 2 (biti 16) = MB 144, na hiyo ni tabaka moja kabla ya kubanwa. Ukinakili usuli ili usafishe ngozi unaongeza 144 nyingine. Halafu TIFF yenye matabaka hubeba pia picha nzima iliyounganishwa. Jumla 432.

Edit ya pili inatokana na dirisha linalokuja ukibonyeza Ctrl+E juu ya TIFF. Lina njia tatu, na hapo ndipo wengi wanapokosea:

"Edit a Copy with Lightroom Adjustments" hutengeneza TIFF mpya na kuyaunganisha matabaka yote kuwa moja.
"Edit a Copy" hutengeneza TIFF mpya, matabaka yakibaki.
"Edit Original" hufungua TIFF ile ile, matabaka yakiwemo, bila faili la ziada.

Ukirudi kurekebisha ngozi, chukua ya tatu. Marekebisho uliyofanya Lightroom juu ya TIFF hutayaona ukiwa Photoshop. Usihangaike kuyarudia: ukisevu na kurudi, Lightroom inayaweka tena juu yake. Ukiyarudia Photoshop yataingia mara mbili.

Kabla ya kufuta -Edit-Edit, zifungue zote mbili utazame paneli ya matabaka. Kama ya pili ina tabaka la usuli peke yake, pengine ilitoka kwenye njia ya kwanza, lakini huenda ndiyo yenye kazi ya mwisho aliyoikubali mteja. Jina pekee halikwambii hilo.

Pwani_RAW
Nakala pepe haina faili. Iko ndani ya katalogi tu, na hata ukibonyeza Ctrl+S kuandika XMP (lile faili dogo la maelezo pembeni ya NEF), haimo. XMP hubeba maelezo ya picha mama tu: marekebisho yake, nyota, maneno ya utafutaji. Kwa hiyo anayenakili folda ya picha kwenda diski ya nje bila .lrcat ameziacha nakala pepe zote, mikusanyiko na staki (picha zilizorundikwa pamoja).

Ukitaka toleo la nyeusi na nyeupe lisafiri na NEF, lifanye "Snapshot" kwenye picha mama: moduli ya Develop, paneli ya kushoto, alama ya kujumlisha, lipe jina, kisha Ctrl+S. Snapshot huingia kwenye XMP.

Na bakapu ile inayoulizwa unapofunga Lightroom ni ya katalogi peke yake, picha hazimo. Tena kwa kawaida huwekwa folda ya Backups pembeni ya katalogi, diski ile ile. Diski ikifa, vimekufa vyote. Badilisha mahali pake kwenye dirisha hilo hilo. Previews.lrdata (picha za kuonyeshea tu) haina haja ya bakapu, inatengenezeka upya.

Fremu_Tatu
Naongezea jinsi ya kufuta. Nenda "All Photographs", bonyeza \ , chagua Text, kisha Filename, andika Edit-Edit. Teua unazotaka, bonyeza Delete, halafu "Delete from Disk". Ukichagua "Remove", picha inatoka kwenye katalogi lakini faili linabaki na nafasi haipatikani. Usifutie kwenye Explorer: Lightroom itakuachia alama ya mshangao kwenye kila picha.

JPEG za mteja zitoe kwenye folda yake, mbali na NEF. Kama ile tiki ya "Treat JPEG files next to raw files as separate photos" haipo, siku ukiingiza folda hiyo upya Lightroom itaichukulia DSC_4127.jpg kuwa mwenzake NEF, na hutaweza kuiona peke yake. JPEG hizi ndizo za kwanza kufutwa nafasi ikibana, mradi NEF, TIFF na katalogi vipo.

Mwangaza_f4
Asanteni sana. Nikigeuza NEF kuwa DNG (faili ghafi la muundo wa Adobe) ili niondokane na hizo .xmp, kuna hasara?

Pwani_RAW
Ipo kwenye bakapu. DNG huandikiwa maelezo ndani yake, kwa hiyo kila ukibonyeza Ctrl+S faili zima linahesabika limebadilika, na programu ya bakapu mara nyingi inanakili upya MB zote. Kwa NEF kinachobadilika ni .xmp, ambayo kwa kawaida ni kilobaiti chache. Kama bakapu yako inapanda mtandaoni kwa bando, baki na NEF.