Eti Waingereza hawana chakula chao? Nakataa, karibuni tujadili

Wakuu, salaam.

Kuna hoja nakutana nayo kila mahali: Uingereza haina chakula cha taifa. Wanaoisema huhesabu hivi: chai ya China, kari ya India, viazi vya Amerika ya Kusini, hata samaki wa kukaanga wa kwenye chipsi walifika na Wayahudi wenye asili ya Ureno na Uhispania. Ukiondoa hivyo vyote, sahani inabaki na nini?

Nakataa, na simtetei mkoloni. Kipimo hicho tukikigeuzia kwetu tutalala njaa. Mahindi asili yake Amerika, mihogo vilevile. Chapati tumeipata kwa watu wa India. Nani atathubutu kusema ugali si chakula chetu?

Nimeishi Leeds miaka 4, kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane. Kila Jumapili alikuwa akikoroga unga wa ngano, mayai na maziwa, mkorogo mwepesi kama uji wa mgonjwa. Anatia mafuta ya ng'ombe kwenye trei ya bati, anaiingiza kwenye oveni mpaka mafuta yafuke moshi, ndipo anamimina. Chwaaa! Baada ya hapo ole wako uguse mlango wa oveni. Kinatoka kimeumuka, kingo zimekauka, katikati kimebonyea kama kibakuli, na humo ndimo unapomiminwa mchuzi mzito wa nyama. Ndiyo Yorkshire pudding. Aliniambia kwao kililiwa kwanza, kabla ya nyama, ili watoto washibe mapema na kipande kidogo kiwatoshe wote. Aliyekulia nyumba ya watoto wengi anaijua hesabu hiyo. Kama huo si upishi, upishi ni nini?

Sikatai kwamba mengi yao yaliharibika, lakini yana sababu. Watu waliondolewa kwenye ardhi ya pamoja walikolisha ng'ombe na kuokota kuni, wakaenda viwandani. Sensa ya 1851 ilikuta zaidi ya nusu yao wanaishi mijini, na wengi waliishi kwenye vyumba visivyo na jiko la maana. Halafu ikaja vita. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940 ukaisha Julai 1954. Kwa kipindi kirefu mtu mzima alipata yai 1 kwa wiki! Bibi yangu huyo alikuwa na miaka 4 mgao ulipoanza, na 18 ulipoisha. Binti anajifunza kupika nini kwa mama asiye na siagi wala nyama? Hapo uzi ulikatika, na sisi tunawacheka kana kwamba walizaliwa hawana ladha.

Na mahali pengine haukukatika. Jibini ya Stilton kisheria hutengenezwa katika majimbo 3 tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Cornish pasty, ile sambusa kubwa ya nyama na viazi ya watu wa Cornwall, jina lake lililindwa na sheria za Ulaya mwaka 2011.

Sasa nije kwenye kuku wa tikka masala, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Aprili 2001 Robin Cook, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisema hicho ni chakula halisi cha taifa la Uingereza. Wapo wanaosema ni wizi uleule wa kikoloni. Mimi namkubalia Cook, ila nusu. Chakula kile, kwa mchuzi wake ule wa krimu na nyanya, kimekulia Uingereza kwa ajili ya walaji wa kule. Lakini migahawa mingi iliyokisambaza ilikuwa ya watu wa Sylhet, Bangladesh, waliofanya kazi mpaka usiku wa manane chini ya vibao vilivyoandikwa "Indian". Taifa limekipokea chakula. Wapishi wake hata jina la nchi yao halikuandikwa mlangoni. Hilo linaniuma kuliko swali la kari ilitoka wapi.

Kwa hiyo swali langu kwenu, hasa mnaoishi huko: chakula kikishaitwa cha taifa, je, aliyekipika naye amehesabiwa kuwa wa taifa hilo? Nataka kusikia mliyoyaona kwa macho yenu.