Siasa kwenye kundi la watazama ndege: tuzipige marufuku?

Mzee wa Darubini: Wapenzi wa ndege, swali. Jumapili kwenye kinamasi cha Mabamba, tukimtafuta korongo nyangumi, watu wawili walianza mambo ya uchaguzi mle mle mtumbwini. Mpiga kasia akaacha kasia asikilize. Korongo hatukumwona. Napendekeza siasa zikome, safarini na humu. Mnasemaje?

Hondohondo: Naunga mkono. Siasa nazipata bure kwenye taksi. Mtumbwi naulipia.

Kwale wa Mabira: Siasa zipi? Serikali ilipotaka kumpa mwenye kiwanda cha sukari kama robo ya msitu wa Mabira, hekta elfu saba na ushee, zile zilikuwa siasa au ndege? Watu walikufa Kampala. Wasingepiga kelele, leo ungekuwa unatazama miwa.

Mstaafu: Ilikuwa 2006 hiyo. Na walioutetea ni Mengo, yaani ufalme wa Buganda, na Kanisa, waliotoa ardhi mbadala. Si fujo za barabarani.

Kwale wa Mabira: Aprili 2007, mzee. Ardhi mbadala sikatai, lakini maandamano usiyafute.

Hondohondo: Hotuba tamu. Si wewe uliyemchezea kwale wa Nahan sauti kwenye simu mpaka maskini akazunguka akitafuta mwenzake? Mtetezi wa msitu!

Kwale wa Mabira: Nilicheza mara mbili tu! Na picha iliyopatikana siku ile umeiweka kwenye profaili yako.

Shorobo: Banange, kumbe ile picha si ya Hondohondo? Mimi nilimpongeza!

Nyota wa Masindi: Mimi naongoza wageni. Kwale wa Nahan anapita chini ya vichaka kama mdaiwa, bila sauti ni bahati tu. Mgeni asipomwona, bahashishi hakuna. Na kuhusu siasa: ndani ya hifadhi ya Murchison kuna visima vya mafuta vya mradi wa Tilenga. Mgeni akiniuliza kile ni nini, nimjibu nini?

Mstaafu: Bahashishi ndiyo imewaharibu vijana. Enzi zetu kiongozi alitembea nawe kwa heshima.

Nyota wa Masindi: Heshima hailipi ada ya shule, mzee wangu. Wewe una pensheni.

Mstaafu: Pensheni gani? Unajua nimeifuatilia ofisi ngapi? Serikali hii...

Hondohondo: Ehe! Marufuku, mzee, marufuku.

Mzee wa Darubini: Jamani, niliuliza swali moja.

Shorobo: Tuanze na simu kwanza. Kucheza sauti ndiyo au hapana, kura zifungwe Ijumaa.

Kwale wa Mabira: Sawa. Nani anahesabu?

Shorobo: Hondohondo ndiye msimamizi wa kundi.

Kwale wa Mabira: Huyo? Sipigi kura mpaka kila upande uwe na wakala.

Nyota wa Masindi: Na viongozi wa wageni tupewe kura zetu, sisi ndio tunaoshinda porini.

Hondohondo: Mmoja mmoja, au mmekwisha jipanga?